Buloni zilizopita mtihani: historia ya dari ya Boston

Wiki hii ninawaletea historia moja ya ujenzi ambayo, kwa mawazo yangu, kila mwanafunzi wa jenisivili angeisoma mbele ya kupewa diploma. Hata wewe wa sheria, wa uchumi ao wa udaktari, usipite haraka: ukifika mwisho utaona kwamba inakuhusu. Ni historia ya buloni 20, gundi kidogo, na swali moja lenye hakuna mtu aliuliza kwa wakati wake.

1. Usiku wa tarehe 10 Julai 2006

Tuko Boston, Marekani. Mji ule ulikuwa umemaliza kazi kubwa sana, yenye watu wote waliita Big Dig, ni kusema "Chimbo Kubwa". Barabara iliyopita juu ya mji iliangushwa, magari yakaingizwa chini ya udongo. Kazi ilichukua miaka zaidi ya 15, ikameza dola zaidi ya miliardi 14. Sehemu yake moja ilikuwa tuneli inayounganisha barabara kuu ya I-90 na tuneli ya Ted Williams, ile inapita chini ya maji kwenda uwanja wa ndege wa Logan. Magari yalianza kupita pale mwezi wa Januari 2003.

Ndani ya tuneli hiyo kulikuwa dari, ile tunaita plafo. Dari hiyo haikubeba jengo. Kazi yake ilikuwa kutenga nafasi ya hewa juu ya magari, ili moshi uvutwe na hewa safi iingie. Lakini ilikuwa ya betoni, na kila kipande kilikuwa na uzito wa tani mbili hivi. Vipande vile vilining'inia ku vyuma, vyuma vikashikwa ku paa la tuneli na buloni. Na buloni zenyewe zilishikwa ndani ya betoni na gundi ya epoksi.

Usiku ule, saa tano hivi, bwana mmoja na bibi yake walikuwa wanapita mule na motokari yao ya mwaka 1991, wakielekea upande wa uwanja wa ndege. Buloni 20 zilichomoka. Vipande vya dari vikaanguka pamoja na vyuma vyake: karibu tani 24, zote chini kwa mara moja. Upande wa kuume wa motokari ukapondwa. Bibi, mwenye miaka 38, akafa palepale alipokuwa amekaa. Bwana yake, mwenye miaka 46, akatoka na majeraha madogo.

Hakukuwa tetemeko la inchi. Hakukuwa moto, wala mgongano, wala lori lililogusa dari. Usiku ule dari haikubeba kitu zaidi ya uzito wake mwenyewe, uleule iliobeba jana, juzi, na mwaka uliopita. Sasa, kitu gani kilibadilika?

2. Kufunga chuma ndani ya jiwe

Ili tujibu, turudi nyuma kidogo. Kufunga chuma ndani ya jiwe ni kazi ya zamani sana. Wagiriki na Waroma walishikisha mawe yao na vipande vya chuma, kisha wakamwaga risasi iliyoyeyushwa mu tundu ili chuma kisicheze. Betoni ilipokuja, watu waliweka buloni mbele ya kumwaga: betoni inakauka, inashika kichwa cha buloni, mambo yamekwisha. Mpaka leo hiyo njo njia yenye inaleta wasiwasi kidogo.

Shida ni kwamba mara mingi unajua buloni inatakiwa wapi kisha betoni kukauka. Mashine imefika na matundu yake hayalingani na plano. Mwenye nyumba amebadilisha mawazo. Pale ndipo zilizaliwa buloni za kutobolea. Mwanzoni mwa miaka ya 1910, Mwingereza John Joseph Rawlings alitengeneza kiziba kidogo cha kutia ndani ya tundu, kinachopanuka wakati unakaza visi. Mwaka 1958 Mjerumani Artur Fischer akatoa kiziba chake cha plastiki, kile kinauzwa leo mu kila kentkeri. Kwa mizigo mikubwa zikaja buloni za chuma zinazopanuka na kusukuma kuta za tundu.

Njia ya tatu ni gundi. Kemia ya epoksi ilitoka miaka ya 1930 na 1940, kwa kazi ya Pierre Castan kule Uswisi na Sylvan Greenlee kule Marekani. Ni vitu viwili vya maji: resini na dawa ya kuikaza. Ukivichanganya, chembe zinashikana kama wavu, maji yanakuwa kitu kigumu. Unatobola tundu, unalisafisha, unajaza gundi, unaingiza chuma chenye meno ya visi huku unakizungusha, unangoja. Hakuna kupasua betoni kwa kuisukuma, unaweza kufunga karibu na pembe, na nguvu yake ni ya ajabu. Mainjenieri waliipenda, na walikuwa na haki ya kuipenda.

3. Buloni inashindwa namna gani

Hapa ninaomba mnipe dakika tano za hesabu. Ukivuta buloni ya gundi kwenda inje, kuna njia tatu kubwa za kushindwa, na injenieri anapaswa kupima kila moja, kisha kuchukua ile iliyo zaifu kuliko zingine.

Njia ya kwanza: chuma chenyewe kinakatika. Hii ni hesabu rahisi, eneo la chuma mara nguvu yake.

Njia ya pili: betoni inang'oka. Buloni inatoka pamoja na kipande cha betoni chenye umbo la funeli, chembamba ndani, kipana inje. Zamani watu walipima funeli hiyo kwa pembe ya nyuzi 45. Mwaka 1995 Fuchs, Eligehausen na Breen walitoa njia mpya: funeli ni pana zaidi, kama nyuzi 35 toka ku uso wa betoni, na nguvu inakua na kina cha buloni kwa kipeo cha 1,5. Maana yake nini? Ukiongeza kina mara mbili, nguvu haiongezeki mara nne sawa vile watu walidhani zamani. Inaongezeka karibu mara 2,8. Na kama buloni mbili ziko karibu, funeli zao zinaingiliana, kila moja inapoteza sehemu yake. Karibu na pembe ya betoni ni vilevile.

Njia ya tatu: gundi inaachia. Buloni inatoka yenyewe, safi, na tundu linabaki. Kwa kupima hii, Ronald Cook wa Chuo Kikuu cha Florida na wenzake walionyesha mu miaka ya 1990 kwamba unaweza kutumia hesabu nyepesi sana: chukua mzunguko wa chuma, zidisha kwa kina, upate eneo lenye gundi inashika; kisha zidisha kwa mkazo wenye gundi inaweza kuvumilia.

Sasa tuchukue buloni za Boston. Chuma kilikuwa na unene wa karibu milimita 16, kina cha milimita 127. Mzigo wenye kila buloni ilipangiwa kubeba ulikuwa karibu kilonewtoni 11,6, ni kusema uzito wa kilo 1200 hivi.

Tupime. Chuma kisichoshika kutu cha unene ule kinakatika karibu na kilonewtoni 75 ao zaidi. Betoni nzuri ya megapaskali 28, bila nyufa, na buloni moja peke yake: karibu 74. Na gundi? Eneo ni 3,14 mara 16 mara 127, inatoa milimita mraba 6380 hivi. Tuseme, kwa mfano tu, gundi inavumilia megapaskali 10: tunapata karibu kilonewtoni 64.

Angalia vizuri nambari hizo. Mzigo ni 11,6. Nguvu zote tatu ziko juu ya 60. Mwanafunzi yeyote akiona hivi ataandika "inafaa" na kupiga mstari mara mbili chini. Na ku shantie hawakuishia ku karatasi: kila buloni ilivutwa na mashine mpaka asilimia 125 ya mzigo wake, karibu kilonewtoni 14,5. Zile zilizokaa pale juu zilipita mtihani huo.

Basi kwa nini zilianguka? Kwa sababu hesabu hizi zote tatu, na ule mtihani wa mashine, vinajibu swali moja tu: buloni hii iko na nguvu gani leo? Dari haikuuliza hivyo. Dari iliuliza: utanishika mpaka lini?

4. Muda ni mzigo

Chuma, mu joto la kawaida, ukikipa mzigo wa kiasi, kinavutika kidogo kisha kinasimama. Kesho utakikuta palepale. Epoksi haiko hivyo. Ndani yake kuna minyororo mirefu ya chembe iliyofungana kama wavu wa samaki. Ukiivuta kwa dakika moja, wavu unashika. Ukiivuta kwa miezi na miaka bila kuacha, minyororo inaanza kuteleza, polepole, moja juu ya ingine. Mzigo haujaongezeka hata gramu moja, lakini buloni inashuka. Walimu wetu wanaita jambo hilo fluaji. Mimi nitasema "mtambao", kwa sababu njo kitu gundi inafanya: inatambaa.

Mtambao una hatua tatu. Mwanzo buloni inashuka haraka kidogo, kisha inapunguza mwendo. Halafu inaingia mu kipindi kirefu cha kushuka kidogokidogo, kwa mwendo uleule. Macho hayawezi kuona. Mwishoni mwendo unaongezeka, nyufa ndogo ndani ya gundi zinaungana, na buloni inachomoka. Kipindi cha katikati kinaweza kuchukua saa, siku ao makumi ya miaka. Inategemea gundi ya aina gani, mzigo wa kiasi gani, na joto gani. Joto likipanda karibu na kiwango ambacho resini inaanza kulainika, mambo yanakwenda mbio.

Na hapa njo kiini cha mambo ya Boston. Kampuni iliyouza gundi ilikuwa na aina mbili za epoksi ileile kwa jina: moja inakauka kwa mwendo wa kawaida, ingine inakauka haraka. Ukizivuta kwa dakika chache, zote mbili ziko na nguvu. Lakini majaribio ya mzigo wa kudumu, yaliyofanywa mu miaka ya 1990, yalikuwa yameonyesha kwamba ile ya haraka haivumilii. Ilikubaliwa kwa mizigo ya muda mfupi tu, kama upepo ao tetemeko. Dari ya betoni si upepo. Dari haipumziki, hata saa moja.

Kisha msiba, wachunguzi walikusanya gundi toka mu matundu na kuipima. Ilikuwa ile ya haraka.

5. Alama ya mwaka 1999

Kitu chenye kinaniuma zaidi mu historia hii si gundi. Ni kwamba buloni zilisema mbele.

Mwaka 1999, mu tuneli ya jirani ya kazi ileile, wafanyakazi waliona buloni fulani zimeanza kushuka. Nafasi ilionekana kati ya bamba la chuma na paa la betoni. Buloni hizo zilikuwa zimepita mtihani wa asilimia 125. Walifanya nini? Walizitoa, wakaweka zingine, wakazivuta tena na mashine, safari hii kwa mzigo mkubwa zaidi. Zikashika. Kazi ikaendelea.

Fikiria hapo vizuri, ndugu msomaji. Kitu kimepita mtihani, kisha kimeshindwa ku kazi. Mtu mwenye akili anaweza kufikiri mambo mawili. Moja: wale waliokifunga walifanya vibaya. Mbili: mtihani wenyewe haupimi kitu kinachotakiwa. Watu wa Boston walichukua wazo la kwanza, na dawa yao ikawa kurudilia mtihani uleule kwa nguvu zaidi. Lakini kama ugonjwa ni wa muda, kuongeza nguvu ya dakika moja hakupimi kitu. Ni sawa na mtu mwenye kushuku kwamba rafiki yake si mwaminifu, halafu anamwomba aape kwa sauti kubwa zaidi.

Na kisha 1999, hakuna aliyeendelea kufuata buloni zile mwaka kwa mwaka na kupima kama zinashuka. Tuneli ilipofunguliwa, mpango wa kukagua ile nafasi ya juu ya dari haukutekelezwa kwa wakati. Buloni ziliendelea kutambaa gizani, juu ya vichwa vya watu maelfu kila siku.

6. Nani alikosa?

Bodi ya taifa ya Marekani inayochunguza ajali za usafirishaji, NTSB, ilitoa ripoti yake mwezi wa Julai 2007, mwaka mmoja kisha msiba. Ripoti haikumtupia mtu mmoja mzigo wote. Ilisema sababu ni gundi yenye mtambao mbaya, na kwamba gundi hiyo ilifika pale kwa sababu waliochora na waliosimamia kazi hawakuona mtambao kama njia ya kushindwa. Ilisema muuzaji hakutoa habari kamili na wazi juu ya gundi ya haraka, na kwamba kisha mambo ya 1999 angepaswa kutambua shida ilitoka wapi. Ilisema mjenzi na msimamizi waliacha kufuata hali ya buloni. Ilisema mamlaka ya barabara ilichelewa kukagua. Na ikaongeza jambo moja linalotuhusu sisi wote: kwamba mu dunia ya ujenzi kwa jumla, watu hawakuelewa vizuri mtambao wa gundi.

Kampuni zilizosimamia na kujenga zililipa serikali mamia ya milioni za dola mwaka 2008. Muuzaji wa gundi alishitakiwa kwa kifo cha yule mama. Mashitaka yakaondolewa kisha mapatano.

Mimi ninaposoma mlolongo huo, ninaona kila mtu alikuwa na karatasi yake mkononi. Aliyechora alisema: nimeandika nguvu inayotakiwa. Mjenzi alisema: nimevuta kila buloni, imeshika. Muuzaji alisema: gundi yangu ina cheti. Mwenye barabara alisema: nimepokea kazi iliyokubaliwa. Kila karatasi ilikuwa na sehemu ya ukweli. Lakini swali la muda halikuwa ku karatasi ya mtu yeyote. Kila mmoja alifikiri liko kwa mwenzake. Wahenga walisema nyumba yenye wenyeji wengi hulala njaa. Kazi kubwa yenye mainjenieri wengi inaweza kulala bila mtu wa kuuliza.

7. Sheria zilivyobadilika

Msiba haukupita bure. Mwaka 2011, kanuni ya Wamarekani ya kujenga na betoni, ACI 318, iliingiza kwa mara ya kwanza namna ya kupanga buloni za gundi, pamoja na kanuni ingine, ACI 355.4, ya kupima gundi yenyewe mbele ya kuikubali. Tuangalie mambo manne yenye yalitoka moja kwa moja mu somo la muda.

Kwanza, gundi inapaswa kupita jaribio la mzigo wa kudumu. Wanaitundikia mzigo kwa saa 1000, karibu wiki sita, mu joto la kawaida na mu joto la juu la nyuzi 43. Wanapima inavyoshuka, kisha wanachora mstari wa mbele kwa hesabu: miaka 50 kwa joto la kawaida, miaka 10 kwa joto la juu. Kama mstari unavuka mpaka, gundi inakataliwa.

Pili, kama buloni inabeba mzigo wa kudumu unaovuta, hautumii nguvu yote ya gundi. Unachukua asilimia 55 tu, kisha kuondoa pia sehemu ya usalama ya kawaida.

Turudilie mfano wetu. Gundi yetu ilikuwa na kilonewtoni 64. Tukizidisha kwa kipimo cha usalama cha 0,65, kisha kwa 0,55, tunabaki na karibu 23. Mzigo ni 11,6. Bado inapita! Lakini sasa tuweke nyufa. Betoni ya paa inayopinda inaweza kupasuka nyufa ndogondogo, na ufa ukipita ku tundu, gundi inapoteza karibu nusu ya mshiko wake. Megapaskali 10 zinakuwa 5. Nguvu yetu inashuka mpaka karibu 11,4. Na mzigo ulikuwa 11,6, mbele hata ya kuuongeza kwa kipimo cha usalama cha mizigo. Buloni yenye ilionekana kuwa na nguvu mara tano zaidi, sasa haifai. Hatujabadilisha chuma wala kina. Tumeuliza tu maswali mawili zaidi.

Na mjue jambo hili: ile 0,55 ina maana tu kwa gundi iliyopita jaribio la saa 1000. Kwa gundi ya haraka ya Boston, hesabu yote hii ni maandishi ya bure. Hauwezi kuponya gundi mbaya kwa kuzidisha na nambari ndogo.

Tatu, betoni inapaswa kuwa na siku 21 ao zaidi mbele ya kuifungia buloni za gundi. Betoni changa ina maji, na maji yanaharibu mshiko.

Nne, kwa buloni zenye kufungwa kwa kulala ao kwa kuelekea juu, na zenye kubeba mzigo wa kudumu, anayezifunga anapaswa kuwa na cheti chake binafsi. Ni fundi mwenyewe anayefanya mtihani, si bosi wake. Kwa sababu ukijaza gundi ndani ya tundu linaloelekea juu, hewa inaweza kubaki ndani na kuacha nafasi tupu. Na kama tundu halikusafishwa vizuri, kupulizwa na kupigwa burashi, gundi inashika vumbi badala ya betoni. Hesabu nzuri zote zinaishia ku mkono wa mtu mmoja mwenye burashi.

8. Sasago, miaka sita kisha Boston

Mtu atasema: sawa, dunia ilijifunza. Ngojeni.

Tarehe 2 Desemba 2012, asubuhi, mu tuneli ya Sasago, jimbo la Yamanashi kule Japani, dari ya betoni ilianguka kwa urefu wa karibu mita 140. Watu 9 walikufa. Tuneli ilikuwa imefunguliwa mwaka 1977. Dari ile nayo ilikuwa ya kupitishia hewa, nayo ilining'inia ku buloni zilizoshikwa na gundi. Ilikaa juu miaka 35.

Mbele ya msiba, mwezi wa Septemba mwaka uleule, tuneli ilikuwa imekaguliwa, lakini sehemu ile ya juu iliangaliwa kwa macho tu. Buloni hazikugongwa na nyundo ili kusikia kama zimelegea. Kisha hapo Japani ilibadilisha utaratibu: toka mwaka 2014 kila daraja na kila tuneli ya barabara inapaswa kukaguliwa kwa karibu kila miaka mitano.

Boston ilichukua miaka michache, Sasago ikachukua 35. Gundi hazikuwa sawa, inchi hazikuwa sawa, lakini mzigo ulikuwa mmoja: betoni nzito isiyopumzika, juu ya vichwa vya watu, imeshikwa na kitu chenye hali yake inabadilika na miaka. Kama gundi yako inavumilia, kazi yako haijaisha. Imebaki kupanga nani atapanda kuitazama, na lini.

9. Na sisi?

Wandugu, buloni za gundi ziko kwetu pia. Mtu anafunga nguzo ya antena juu ya jengo, mwingine anafunga mashine, mwingine anaongeza balkoni ku nyumba iliyokwisha kujengwa, mwingine anatundika tanki la maji. Chupa ya gundi inanunuliwa sokoni, na neno lenye linauza ni "inakauka haraka". Sisemi gundi inayokauka haraka ni mbaya daima. Kuna zingine nzuri sana. Ninasema haraka ya kukauka haikuambii kitu juu ya uvumilivu wa kubeba. Ni sifa mbili tofauti, na muuzaji atakuambia ile moja yenye inampendeza mteja.

Kwa hiyo, wewe uliye ku shantie ao utakayefika kesho, kuna maswali ya kuandika ku daftari. Mzigo huu ni wa kuja na kwenda, ao ni wa kukaa? Unavuta buloni inje, ao unaikata kwa ubavu? Gundi hii ilijaribiwa kwa mzigo wa kudumu, na karatasi ya jaribio iko wapi? Betoni itapasuka hapa? Joto litafika wapi chini ya bati saa saba ya muchana? Nani alisafisha tundu? Kama buloni moja ikiachia, zingine zitashika, ao yote itashuka pamoja? Na kama unaweza kuepuka gundi kwa mzigo mzito wa kudumu juu ya watu, epuka: weka chuma mbele ya kumwaga betoni, ao pitisha buloni mpaka upande wa pili na uweke bamba na nati.

Kwa wengine wote, wasiokuwa wa ujenzi, ninaacha neno moja. Sisi watu wa diploma tumekomaa mu mitihani. Tunajua kujibu mu saa mbili, kupata pointi, kupita. Buloni za Boston nazo zilipita, zote. Lakini kuna vitu mu maisha ya inchi, deni la serikali, dawa ya kila siku, mkataba wa miaka 30, ambavyo havipimwi na mtihani wa dakika chache. Vinapimwa na uzito uleule, kila siku, bila kelele. Ukiwa daktari, mwanasheria ao mchumi, siku moja mtu atakuletea karatasi inayosema "imejaribiwa, imeshika". Umwulize kwa heshima: imeshika kwa muda gani?

Na kama mtu mdogo ku kazi anakuja kukuambia "Bosi, ile buloni imeshuka kidogo", usimwambie tu aikaze. Panda naye ngazi, uende uione.